Uzi maalum: Pikipiki za zamani, kuziendesha, kuzitunza, na makumbusho ambako injini bado zinanguruma

#1 Mleta mada

Salaam wakuu. Kila zikitajwa pikipiki za zamani mjadala unaishia kwenye picha na "duh hii kali", nyama hamna. Nimeona nifungue uzi tuongee kwa kina. Wenye mashine, wanaotafuta, na wale ambao raha yao ni kwenda makumbusho kushangaa tu, wote karibuni.

Niweke msimamo mapema ili anayetaka kubisha ajue pa kuanzia: pikipiki ya zamani haiuawi na barabara, inauawa na kukaa. Mashine iliyopiga kazi miaka na miaka ukiifunika turubai misimu miwili mitatu unakuta tangi limeota kutu kwa ndani, petroli imegeuka gundi kwenye jeti za kabureta, sili zimekauka zimepasuka, ringi zimeshikana na silinda, na kama ni injini ya Muingereza yenye tangi la oili pembeni basi oili yote imeshuka kimya kimya kupitia pampu imejaa krenkesi (sanduku la chini la injini), siku unapiga kiki inatoka moshi mpaka majirani wanatafuta ndoo za maji.

Sasa na makumbusho nayaona hivyo hivyo, kuna ya aina mbili. Kuna yale mashine inang'aa, kromu unajiona sura, kamba mbele, kibao "usiguse", basi. Halafu kuna yale injini inawashwa. Mimi nitasafiri mbali kwa ajili ya hii ya pili, ya kwanza nitaingia kama niko jirani.

Mfano Anson Engine Museum kule Poynton, Cheshire, Uingereza, wamejenga kwenye eneo la mgodi wa zamani wa makaa ya mawe. Hapo ni injini za gesi na mafuta, Crossley na wenzake, na siku zao maalum wanaziwasha. Kama hujawahi kuona injini ya mfumo wa Otto na Langen ikifanya kazi, hujaona kitu. Hii ndiyo iliyochukua medali ya dhahabu Paris 1867, na miaka miwili baadaye Crossley wa Manchester wakanunua haki ya kuitengeneza. Mlipuko wa gesi unairusha pistoni juu bila kusukuma chochote, inapaa bure kabisa, halafu gesi ikipoa ndani kunabaki utupu, hewa ya nje na uzito wa pistoni vinaivuta chini, na ni kule kushuka ndiko kunakozungusha gurudumu. Kazi inafanyika wakati wa kurudi! Kwenye kitabu unasoma mara tatu huelewi, ukisimama mbele yake sekunde kumi tu umeelewa, maana unaisikia inavyokwama, inavyoshika, inavyoachia.

Na Marekani kuna Coolspring Power Museum, Pennsylvania, ipo tangu 1985, wamejaza injini za zamani za kwenye visima vya mafuta na mashambani. Zile ambazo haziwaki kila mzunguko ndizo utamu wenyewe. Injini ikifika spidi yake, gavana (kidhibiti spidi) anashikilia valvu ya moshi iwe wazi, haivuti mchanganyiko, gurudumu linaserereka lenyewe, spidi ikishuka kidogo gavana anaachia, inawaka PAH! halafu tena fwa fwa fwa fwa fwa... PAH! Sikia ile sauti halafu rudi kwenye pikipiki yako, utaanza kuisikiliza tofauti, utajua kukosa moto kwa makusudi kukoje na kukosa moto kwa ugonjwa kukoje.

Kwenye pikipiki zenyewe: Sammy Miller, yule bingwa wa mbio na trayo (mashindano ya kupita vizuizi bila kuweka mguu chini), ana makumbusho yake New Milton, Hampshire, na sifa yake kubwa ni kwamba mashine nyingi mle ndani zinawaka. Barber kule Alabama ndiyo kubwa kuliko zote duniani, mashine zaidi ya 1,600 kwenye mkusanyiko, na uwanja wa mbio uko mlangoni. Honda wana jumba lao Motegi, Japani, lilifunguliwa 1998, na wao wana utaratibu wa kuzitoa mashine za mbio wakaziendesha kuhakikisha bado nzima.

Haya, tiririkeni.

#2

Nimeweka kambi hapa. Naleta kiti.

#3

Mkuu uzi umetulia. Mimi yangu siiendeshi sana ila kila Jumamosi naiwasha dakika tano kisha nazima. Si inatosha hiyo kuifanya isikae?

#4 Mleta mada

Mkuu #3 pole, hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuimaliza. Afadhali usiiwashe kabisa.

Sikiliza. Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli inakupa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Injini ikiwa ya moto sawasawa mvuke unatoka kwenye ekzosi na kwenye bomba la kupumulia. Ikiwa ya baridi, unagandia kwenye kuta za silinda, kwenye krenkesi, ndani ya ekzosi. Sasa wewe unaiwasha dakika tano, unaitengenezea maji na tindikali kidogo, halafu unazima kabla haijapata joto la kuyafukuza. Wiki ijayo tena. Fungua kifuniko cha oili uangalie, ukikuta ute mweupe mweupe kama mayonezi ujue ndiyo hiyo. Na betri nayo hujairudishia hata kile ulichotumia.

Chagua moja. Aidha uiendeshe kweli, nusu saa na zaidi, oili ipate moto mpaka ukigusa tangi la oili mkono unataka kuutoa. Au uilaze kitaalamu: mwaga kabureta ikauke, weka oili mpya KABLA ya kuilaza maana ile chafu ina tindikali, toa plagi udondoshe oili kidogo kwenye silinda, funga, halafu mara moja moja weka gia ya juu uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono ili valvu zisikae sehemu ile ile. Betri toa nje. Inyanyue tairi zisibebe uzito.

#5

Naomba nipinge kidogo mleta mada. Nimewahi kufanya kazi ya uhifadhi wa vitu vya kale, si injini ila kanuni ni ile ile. Kila ukiwasha injini ya zamani unaila. Beringi inalika, pistoni inalika, unabadilisha, kesho unabadilisha kingine, mwisho una mashine inayonguruma vizuri sana lakini hamna chuma hata kimoja cha asili, na mtu akitaka kujua fundi wa wakati ule alisaga vipi, alichomelea vipi, ushahidi umeshaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hizo zenye kamba unazozidharau zinahifadhi kitu ambacho za kunguruma zinakipoteza.

Halafu suala la moto. National Motorcycle Museum pale Solihull, Septemba 2003, kipande cha sigara tu, zaidi ya mashine 300 ziliteketea. Januari 2021 yakaungua makumbusho ya pikipiki ya Hochgurgl, Austria, mashine zaidi ya 200. Sasa changanya na petroli kwenye matangi.

#6 Mleta mada

#5 hoja nzito, nakupa nusu.

Kitu ambacho kipo kimoja au viwili duniani, sawa, kiache kikae, tengeneza nakala ndiyo iwashwe. Ile pikipiki ya kwanza ya Daimler na Maybach ya 1885, ya fremu ya mbao, silinda moja ya sentimita za ujazo 264, nguvu nusu farasi, yenyewe iliteketea kwenye moto wa kiwanda Cannstatt 1903. Zote mnazoziona makumbusho ni nakala. Kwa hiyo hapo hata anayeiwasha haui historia, nakala ndiyo kazi yake. (Na kile kibomba cha moto cha kuwashia kiko chini ya tandiko, jamani, watu walikuwa na moyo.)

Ila BSA Bantam? Triumph? Honda Cub? Hizi zilitengenezwa kwa maelfu na mamilioni. Kuifungia kwenye kioo ni kuhifadhi umbo na kupoteza ujuzi. Nani atajua kuiwasha miaka hamsini ijayo? Pale Uingereza kila mwaka kuna msafara wa kwenda Brighton wa pikipiki zilizotengenezwa kabla ya 1915, wameuanza 1930, na mpaka leo vyuma vya zaidi ya miaka 100 vinaenda vyenyewe barabarani. Hiyo haiwezekani bila watu wanaojua kuzipaka grisi, na hao hawazaliwi kwenye kioo.

Moto ni kweli, sina ubishi. Ndiyo maana matangi yanamwagwa mashine ikirudi ndani. Solihull walijenga upya wakafungua Desemba 2004, wakaweka vya kuzimia moto vya kueleweka.

#7

Wakuu msaada. Nimerithi Triumph ya silinda mbili, 650, ya miaka ya 60 mwishoni. Haijawaka muda mrefu sana. Kiki inashuka, maana yake haijashikana. Naanzia wapi? Natamani niweke petroli nipige kiki tu nisikie.

#8

#7 SHIKILIA HAPO HAPO usipige kiki. Mimi ni fundi wa hizi, ngoja nijazie nyama.

Hizo injini hazina filta ya oili kama ya leo, kuna wavu tu wa kukamata makombo makubwa. Uchafu mdogo wao waliupeleka ndani ya krenki (shafti linalozungushwa na pistoni). Kuna kibomba ndani ya krenki, oili ikipita na krenki inazunguka ule uchafu mzito unarushwa pembeni unagandia humo. Akili kubwa, ila kibomba kikijaa hakuna oili inayofika kwenye beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na hizo ni za bamba laini, zikikosa oili dakika chache tu konrodi inatoka kukusalimia kupitia ubavu wa krenkesi. Ukinunua mashine usiyojua historia yake, chukulia kimejaa. Na usije ukamwaga oili ya kisasa yenye sabuni nyingi kwenye injini ambayo haijafunguliwa ukadhani unaisafisha, inalegeza tope la miaka yote linaenda kuziba njia.

Kwa hiyo fungua. Kizibo cha kile kibomba kimepigwa alama ya sentapanchi kisifunguke, itoboe hiyo alama taratibu kwa drili kwanza, usilazimishe na bisibisi. Na kuna bolti moja ya flaiwili inapita katikati ya kibomba, usipoitoa hiyo kwanza utavuta mpaka kesho.

Kabla ya hapo nunua spana sahihi. Hii inaua mashine nyingi kuliko ajali. Nati za Muingereza wa zamani ni za Whitworth, yule bwana aliweka kipimo chake 1841, nyuzi za pembe ya digrii 55, na namba iliyoandikwa kwenye spana ni kipenyo cha bolti siyo upana wa kichwa cha nati, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Halafu kuna nyuzi zile za kibaiskeli, 26 kwa inchi, pembe 60. Halafu mwishoni mwa 60 wakaanza kuhamia UNF (kipimo kingine cha nyuzi za inchi) kidogo kidogo, kwa hiyo mashine yako hiyo moja inaweza kuwa na familia zote tatu. Ukitumia spana ya milimita "inayokaribiana" unaila nati inakuwa duara.

Ukishafunga: tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa ya baridi, ya kuvuta 0.05 mm, ya moshi 0.10 mm (hiyo ni kwa Bonneville, hakikisha na kitabu cha mashine yako). Pointi (swichi ya cheche) 0.38 mm. Taiming (wakati wa cheche kutoka) iweke kwa taa ya strobu siyo kwa sikio la babu.

#9 Mleta mada

Nakazia #8 na naongeza umeme, maana wengi wanaunguza hapo. Angalia kwanza betri imefungwaje. Waingereza wengi wa zamani chanya ndiyo inaenda kwenye bodi, siyo hasi. Ukifunga kama pikipiki ya leo unaunguza rektifaya, na ile mifumo ya kielektroniki ya kutoa cheche inakufa hapo hapo bila kusema kwaheri. Balbu za LED nazo nyingi hazitawaka.

Petroli: yenye ethanoli inavuta maji hewani, inalainisha raba za zamani, na kama tangi ni la faiba inalila kabisa, linavimba na utomvu wake unaenda kugandisha valvu. Badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayostahimili. Ethanoli pia inabeba oksijeni yake kwa hiyo injini inakuwa na njaa kidogo, plagi ikitoka nyeupe panda jeti namba moja. Suala la risasi kwenye petroli watu wanalikuza, kama hukimbizi mashine muda mrefu kwa spidi kubwa utaenda tu, ila pima tapeti za moshi. Nafasi ikiwa inapungua pungua kila ukipima, kiti cha valvu kinazama, hapo ndiyo peleka kichwa kiwekwe viti vigumu.

Na tairi, angalia namba nne za mwisho ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, hiyo ni ya kabla ya 2000, kaa mbali nayo hata kama kashata zote zipo.

#10

Mimi mwili mdogo, nina kilo hamsini na kitu, natamani silinda moja ya 500 ila nimeambiwa kiki yake inarusha watu. Kweli au hadithi za vijiweni?

#11

#10 dada/kaka siyo nguvu, ni utaratibu. Kuna mzee namfahamu mwembamba kama fito anaiwasha na ndala (USIIGE, vaa buti). Fungua petroli, bonyeza kile kitufe cha kabureta mpaka ilowane, chelewesha moto (cheche ya plagi) kwa ile leva ya mkononi kama ipo. Sukuma kiki taratibu mpaka ugumu utokee, hapo pistoni inapanda kwenye kompresheni. Vuta leva ndogo ya kufungua valvu ya moshi, sogeza kiki kidoogo tu uvuke ule ugumu, achia leva, rudisha kiki juu. Sasa shuka na uzito wako wote mpaka mwisho bila kusita katikati. Inayorusha watu ni moto uliowahi na mtu anayepiga nusu kiki kwa woga.

#12

Muda wote Muingereza Muingereza, hamchoki kufuta oili sakafuni? Njooni Japani. Honda CB750 ya 1969, silinda nne, breki ya diski mbele, inawashwa kwa kitufe, wakati wenzenu wanapigana na kiki. Na Super Cub ya 1958 mwaka 2017 ilivuka milioni 100, chombo gani kingine chenye injini kimefika hapo?

#13 Mleta mada

😂 #12 umechokoza. Lakini ni kweli, na kuna sababu ya kiufundi. Muingereza alipasua krenkesi wima katikati, ule mshono unapita hadi chini kwenye oili. Mjapani wa CB750 kaipasua mlalo, nusu ya chini inakuwa bakuli halina mshono. Mashine za kusagia nazo zilikuwa mpya, nyuso zinakutana vizuri.

Ila nanyi mna magonjwa yenu. Kabureta nne za kuoanisha kwa geji za mvuto, na ekzosi asili, bomba nne kwa silinda nne, kuzipata ni kazi. Halafu zile skrubu za msalaba za Mjapani SIYO Phillips, ni kipimo chao cha JIS, ukitumia bisibisi ya kawaida inateleza inakula kichwa, halafu mnalalamika skrubu ni laini kama jibini. Nunua bisibisi ya JIS uone zinavyotoka kwa heshima.

Na kabla hujatamba sana, Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, ni DKW RT125 ya Mjerumani ya 1939. Baada ya vita ile ramani iligawanywa. Mrusi akatoa Moskva, Harley-Davidson akatoa yake ya 125, BSA akatoa Bantam 1948, na Bantam wameichora kama kwenye kioo, kushoto kumekuwa kulia, ili gia ikae mguu wa kulia walikozoea Waingereza. Ukibahatika kuona DKW na Bantam zimewekwa jirani, zungukia pande zote mbili za kila moja, utacheka.

(Hilo la gia ni muhimu kwa wageni pia: mashine nyingi za Uingereza za kabla ya 1975 gia kulia, breki ya nyuma kushoto. Ukishtuka barabarani mguu wako unakanyaga ulichozoea, siyo kilichopo. Zoea sehemu tupu kwanza.)

#14

Nimesoma yote. Swali la mwisho kwangu, nikienda makumbusho niangalie nini cha kunisaidia kwenye mashine yangu? Huwa napiga picha ya ubavuni naondoka.

#15 Mleta mada

Kwanza angalia kalenda yao, nenda siku wanawasha. Fika mapema, maana kuwashwa kwenyewe ndiyo darasa. Injini kubwa za kichwa cha moto wanazipasha na taa ya kuchomea muda mrefu kabla hazijakubali, ukifika saa ya chakula unakuta zinazunguka tu hujui zimeanzaje.

Kwenye pikipiki tafuta ile ambayo haijapakwa rangi upya. Iliyofanyiwa ukarabati inakuonyesha ladha ya aliyeikarabati, kromu mahali ambapo kiwandani palikuwa na rangi nyeusi tu. Chakavu ya asili ndiyo yenye majibu: keibo ya klachi inapita mbele au nyuma ya shingo, bomba la kupumulia linaishia wapi, waya umefungwa na nini, washa (kile kipete cha chini ya nati) ipo upande gani. Chuchumaa, piga picha chini ya injini na nyuma ya taa, huko ndiko hakuna picha mtandaoni. Omba ruhusa usivuke kamba.

Halafu ongea na wazee wa kujitolea. Usiwaulize "hii ina spidi gani", waulize "hii inakusumbua nini". Utakaa hapo saa nzima.

#7 ukifungua hiyo krenki weka picha hapa, kile kizibo kabla hujakitoboa na tope litakalotoka. #8 atatuambia kama beringi zimepona.